Meza ya Sam Soko na picha ya nchi ya chai

Shirika la GiveDirectly lilipotafuta mahali pa kufanyia jaribio lake kubwa la kuwapa watu pesa bila masharti, lilichagua kaunti mbili za Kenya: Siaya na Bomet. Vijiji 295 viliingizwa katika utafiti huo. Vijiji 44 viliahidiwa pesa kila mwezi kwa miaka 12, vijiji 80 vikapewa kwa miaka miwili, 71 vikapokea fungu lote kwa mkupuo mmoja, na vijiji 100 havikupewa chochote ili viwe kipimo cha kulinganishia. Malipo ya kila mwezi yalikuwa takriban robo tatu ya dola kwa siku kwa kila mtu mzima. Walimwengu wameyajua mambo haya kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni maandishi ya wanauchumi, akiwemo Abhijit Banerjee, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. Ya pili ni filamu ya makala iitwayo Free Money, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2022, ikiongozwa na Mkenya Sam Soko pamoja na Mmarekani Lauren DeFilippo. Kamera zao ziliweka kambi Kogutu, kijiji kimoja cha Siaya, na Bomet ikabaki nje ya picha. Hata hivyo watu wa Bomet na jirani yake Kericho, nchi ya chai, wana sababu nzuri ya kumjua Soko na kuichunguza kazi yake. Tumezoea kudhani kwamba ujasiri wa filamu ya kiharakati uko barabarani, mahali penye moshi wa vitoa machozi. Kazi ya Soko inaonyesha kwamba ujasiri ulio mgumu zaidi uko kwenye meza ya kuhariri, mahali ambapo mtu huamua nini kibaki, nini kitupwe na nani awe kiini cha habari. Nchi yetu ya chai imepigwa picha kwa muda mrefu sana. Meza ndiyo tuliyokosa.

Soko ni mwongozaji, mhariri na mtayarishaji wa filamu anayefanya kazi Nairobi, na ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya LBx Africa. Filamu iliyomtambulisha kwa mataifa ni Softie ya mwaka 2020, inayomhusu Boniface Mwangi. Mwangi alikuwa mpigapicha wa magazeti aliyeziona kwa lenzi yake ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kisha akaiacha kazi ya chumba cha habari na kuwa mwanaharakati. Alianzisha maonyesho ya Picha Mtaani, yaliyozitoa picha za machafuko yale na kuzitundika hadharani ili wananchi watazame walichotendeana. Mei 2013 alikuwa mstari wa mbele waandamanaji walipowafikisha nguruwe na damu kwenye lango la Bunge, wakiwapinga wabunge waliodai mishahara minono zaidi. Soko alianza kumfuata katika kipindi hicho akiwa na lengo dogo tu: video fupi ya kuwafundisha vijana jinsi ya kuandaa maandamano. Video hiyo iliendelea kurefuka mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2017 Mwangi aligombea ubunge wa Starehe kwa tiketi ya chama kipya cha Ukweli, akakataa kuwagawia wapigakura pesa, akashindwa na mwanamuziki Charles Njagua Kanyi, maarufu kama Jaguar. Soko alikuwepo na kamera kampeni ilipoanza, ilipochoka na ilipoanguka.

Ukimpa mhariri wa kawaida malighafi hiyo, atakuletea filamu unayoweza kuisimulia kabla hujaiona. Shujaa anasimama, polisi wanampiga, anainuka, anashindwa uchaguzi kwa heshima, muziki unapanda. Meza ya Soko iliikataa njia hiyo. Filamu inavyosonga, uzito wake unahamia kwa Njeri, mke wa Mwangi, na watoto wao watatu. Tunaingia nyumbani kwao, tunasikia mabishano ya wanandoa ambayo wanaharakati wengi wangetaka yabaki chumbani, na tunamwona Njeri akimhoji mumewe anayeitanguliza nchi mbele ya familia. Vitisho vya kuuawa vinapozidi, mama anawachukua watoto na kwenda nao Marekani, na baba anabaki na kampeni yake. Mtazamaji anaondoka akijua gharama ya ushujaa ule na anajua ni nani aliyeilipa. Kamera yenyewe haikuamua hivyo, kwa maana kamera ilikusanya kila kitu kwa miaka: mikutano, maandamano, chakula cha jioni, safari za gari. Uamuzi ulifanyika baadaye, pale ambapo saa nyingi za picha zilipunguzwa hadi kufikia filamu ya saa moja na nusu na kitu. Majaji wa tamasha la Sundance la mwaka 2020 waliliona hilo wazi, wakaipa Softie tuzo maalumu ya uhariri, iliyokwenda kwa Soko na wenzake wawili, Mila Aung-Thwin na Ryan Mullins. Kwangu hiyo ndiyo tuzo inayoieleza kazi ya Soko kuliko sifa nyingine zote alizopewa. Na swali la Njeri lingali hai. Mei 2025 Mwangi alikamatwa Dar es Salaam pamoja na mwanaharakati wa Uganda Agather Atuhaire, na wote wawili wamesema waliteswa; Julai mwaka huohuo alikamatwa tena nchini Kenya na kushtakiwa; Agosti akatangaza kwamba atawania urais mwaka 2027.

Kwamba meza ya kuhariri ni mahali pa mamlaka, watu wa filamu walilijua zamani. Katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1929, Dziga Vertov alitoa filamu yake mashuhuri kuhusu maisha ya mji, na katikati ya filamu hiyo akamwonyesha Elizaveta Svilova, mkewe na mhariri wake, akikata na kuunganisha vipande kwa mikono yake. Wakoloni nao walilijua, kwa njia mbaya. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, idara ya kutengeneza filamu za makoloni, na ikaiweka mikononi mwa William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika hana uwezo wa kufuata mikato ya haraka. Kwa hiyo filamu za kumwonyesha ziwe na picha ndefu, mwendo wa polepole, tukio moja lifuate jingine bila kuruka, na pasiwe na ujanja wa kuunganisha mambo mawili yaliyo mbali. Akayaandika mawazo hayo mwaka 1941 kana kwamba ni elimu iliyothibitishwa. Magari ya sinema yakazunguka makoloni yakiwafundisha watu usafi, akiba na utii kwa mwendo huo wa konokono. Uzito wa jambo hili haujapimwa inavyostahili. Kuweka picha ya shamba la mzungu karibu na picha ya mtu aliyehamishwa kutoka shamba hilohilo ni mkato mmoja tu, wa sekunde moja, lakini mkato huo una hoja nzima ndani yake. Anayemnyima mtazamaji mkato anamnyima nafasi ya kuhusisha jambo moja na jingine.

Sasa itazame picha ya Kericho inayosafiri duniani. Ni milima ya kijani iliyopunguzwa sawasawa, ukungu wa asubuhi, mwanamke mwenye kikapu mgongoni akichuma majani mawili na chipukizi huku akitabasamu. Hakuna uongo ndani yake. Milima ni ya kijani kweli na wachumaji hucheka kama watu wengine. Kasoro iko katika kilichokatwa. Haioneshwi ardhi ilivyopatikana kabla ya kampuni kama Brooke Bond kuanza kupanda chai hapa katika miaka ya 1920, wala ukoo wa Talai uliokusanywa kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa uhamishoni Gwassi. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza mwaka 2021 kuhusu madhila ya Wakipsigis, wenyeji wa hapa, na Watalai, na mwaka 2022 malalamiko yakapelekwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Haioneshwi pia Desemba 2007, wafanyakazi waliotoka jamii nyingine waliposhambuliwa ndani ya mashamba ya chai, wengine wakauawa. Walalamikaji 218 walikwenda mpaka mahakama za London kuishtaki kampuni ya Unilever iliyomiliki mashamba hayo, na rufaa yao ikakataliwa mwaka 2018. Kesi hiyo ina wanasheria na hukumu zilizochapishwa. Filamu ya watu wenyewe, iliyohaririwa na mtu anayeielewa lugha wanayolia kwayo, ni kitu tofauti.

Mtu ataniambia: mbona filamu imeshafika Kericho na kutikisa mambo? Ni kweli. Februari 2023 shirika la BBC lilirusha uchunguzi wake juu ya unyanyasaji wa kingono katika mashamba yaliyokuwa yakiendeshwa na kampuni mbili kubwa, ambapo zaidi ya wanawake 70 walisema walinyanyaswa na wasimamizi. Mwandishi aliingia kama mtafuta kazi akiwa na kamera ya siri. Wasimamizi walisimamishwa kazi na Bunge la Kenya likaanzisha uchunguzi. Filamu ile ilifanya kazi ambayo Softie haikuifanya wala haikukusudia kuifanya, na kila mtu anayewajali akina mama wa nyumba za laini, makazi ya wafanyakazi wa mashamba, anapaswa kuishukuru. Lakini itazame kwa jicho la mhariri. Imejengwa ili imfikie mtazamaji wa Uingereza, mnunuzi wa majani yale, na ushahidi wake lazima uje kwa nyuso zilizofichwa na sauti zilizobadilishwa, kwa sababu usalama wa wanawake wale ulidai hivyo. Kwa hiyo mwanamke wa shambani anaingia kwenye picha siku anapodhulumiwa na kutoka uchunguzi unapokwisha. Ndoto zake kwa watoto, ugomvi wake na mumewe juu ya mshahara, chama chake cha akiba, sababu iliyomfanya abaki au aondoke, hayo hayana nafasi katika filamu ya uchunguzi. Yanahitaji mtu wa kukaa naye miaka kadhaa kama Soko alivyokaa na nyumba ya Mwangi, kisha akae miezi mezani.

Free Money inatupa kipimo kizuri cha hoja hii, kwa kuwa habari yenyewe ni yetu pia. Jaribio la kugawa pesa lilikuwa na simulizi iliyokwisha kufungashwa vizuri: wafadhili wa Marekani wanaamini kwamba maskini anajua shida zake, wanamtumia pesa kwa simu, naye ananunua mabati, mbuzi na sare za shule. Takwimu za baadaye zimeonyesha kwamba waliopokea hawakuwa wavivu, kinyume na walivyohofia wengi, na matokeo ya waliopewa kwa mkupuo na walioahidiwa miaka 12 yamekuwa mazuri. Filamu haiyafichi mafanikio hayo. Vijana wanaonekana wakipata karo na mipango. Ila wahariri hawakuishia hapo. Wamewaacha ndani ya filamu walioachwa nje ya orodha, na uchungu wao unapimwa kwa muda uleule unaopewa furaha ya waliopokea. Wamempa nafasi pia mwanahabari Larry Madowo, mtoto wa Siaya, anayehoji kwa nini kijiji cha Kiafrika kiwe chumba cha majaribio cha mawazo ya watu wa mbali. Mtafiti atajibu, na ana haki ya kujibu, kwamba bila vijiji 100 vya kulinganishia hakuna atakayejua kama pesa zilisaidia au mvua tu ilinyesha vizuri. Jibu hilo linatosha kwa takwimu. Halimtoshi mama wa Bomet anayeishi ng'ambo ya mto akitazama jirani akipokea ujumbe wa simu kila mwezi, na filamu ina wajibu wa kuyasimamisha majibu yote mawili mbele yetu bila kulipunguza hata moja. Soko na DeFilippo walifanya hivyo Siaya. Vijiji vya Bomet viliingia katika jedwali lilelile na havikupata mtu wa kuvifanyia hivyo.

Pingamizi kali zaidi dhidi ya kumwita Soko jasiri linahusu pesa. Softie ilitengenezwa kwa ushirikiano na watu wa Kanada. Aung-Thwin na Mullins ni wa kampuni ya EyeSteelFilm ya Montreal. Free Money ina mwongozaji mwenza Mmarekani. Filamu zote mbili zilizinduliwa Amerika ya Kaskazini kabla hazijaonekana Kenya. Je, ujasiri unaofadhiliwa na wageni na kupigiwa makofi na wageni ni ujasiri kweli? Sitalipuuza swali hili, maana ndilo linalowatesa watengenezaji filamu wengi wa Afrika Mashariki. Tamasha la nje lina ladha yake: linapenda mwanaharakati mmoja jasiri, serikali mbovu na mwisho wenye matumaini. Anayetaka tuzo anajua sahani ipi ipakuliwe. Ndiyo maana nasisitiza tutazame kilichobaki kwenye filamu kuliko kilichoandikwa kwenye hundi. Softie ilimpunguzia sifa shujaa ambaye wageni wangependa kumwabudu, na Free Money ilimhoji mfadhili wa Kimarekani mbele ya watazamaji wa Amerika ya Kaskazini. Pesa za nje zilikuwepo, na mikato haikuzitii. Bado nakubali kwamba hali hiyo si ya kudumu nayo. Nchi inayotegemea matamasha ya ugenini kuhariri habari zake itahaririwa na ugeni siku moja, hata kama leo amepatikana mtu mwenye msimamo.

Pingamizi lingine linasema kwamba mhariri anaweza kudanganya kuliko mpigapicha, kwa hiyo kumsifu ni kumpa kisu mtu asiyeonekana. Hofu hiyo ina msingi. Sentensi ya mwanasiasa inaweza kukatwa katikati, kicheko cha jana kikabandikwa juu ya kilio cha leo. Siku za kampeni sote tumeziona video za namna hiyo zikirushwa kutoka simu hadi simu. Lakini dawa yake ni kumjua mhariri na kumdai hesabu, na hilo haliwezekani tukiendelea kuamini kwamba filamu hujitengeneza yenyewe. Soko aliwarekodi watu kwa miaka hadi wakaizoea kamera, na akaiacha familia ya Mwangi ipingane naye na ipingane yenyewe ndani ya filamu. Mtu aliyepewa nafasi ya kujipinga kwenye filamu hajatumiwa. Tangazo la kampuni au la mgombea kiti halitoi nafasi hiyo hata kwa sekunde tano.

Na serikali inajua vizuri uzito wa meza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, iliyotungwa miaka ya mwanzo ya 1960, ingali inadai leseni ya kupiga picha na kibali cha kuonyesha. Kwa mamlaka hayo Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu mwaka 2018, ingawa ilikuwa imechaguliwa kuonyeshwa Cannes. Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku saba tu mwezi Septemba, na watu wakajaza kumbi. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi, wakihusishwa na makala ya BBC kuhusu waandamanaji waliouawa kwa risasi tarehe 25 Juni 2024, nayo BBC ikasema wanne hao hawakuhusika kuitengeneza. Wanaotetea udhibiti huu husema wanalinda mila, na katika kaunti zetu, ambako kanisa na wazee wana sauti, hoja hiyo hupata wasikilizaji wengi. Mimi naiheshimu mila, na kwa sababu hiyo naipinga hoja yao. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo Kapkatet, na miongoni mwake ulikuwamo wimbo wa wasichana wa Kipsigis waliomchukua mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri, Jimmie Rodgers, wakamfanya Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamchezesha watakavyo. Hiyo ndiyo mila yetu pia: kuchukua kilicholetwa na mgeni, kukikata upya na kukifanya chetu. Rekodi zile zilikaa kwenye maktaba Afrika Kusini na kuuzwa ulimwenguni, na zaidi ya miaka 60 ilipita kabla hazijarudishwa Kapkatet.

Muda kama huo usipite tena. Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho na vijana na wafanyakazi waliohofia ajira zao, mamia ya watu walikuwa na simu mikononi. Kila msimu wa bonasi, wakulima wa Litein, Mogogosiek na Kapkoros hurekodi hasira zao kwenye vituo vya kununulia majani wakiuliza kwa nini wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa wanalipwa zaidi. Malighafi ipo. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet zina vyuo vya ufundi. Ziweke humo kompyuta za kuhariri na mwalimu anayeijua kazi, na zilete Softie na Free Money zionyeshwe katika kumbi za Kapkatet, Sotik na Bomet mjini, waongozaji wakiwepo kuulizwa maswali. Na wewe unayesoma, ikiwa una video za matukio kama hayo simuni mwako, usizifute. Zihamishie mahali salama, andika tarehe na mahali, andika majina ya waliokubali kutajwa, uzitunze hadi apatikane mtu wa kukaa nazo mezani.